Kusikiliza Kwenye Mistari ya Chai

Siku yangu ya kwanza kazini niliisikia shule kabla ya kuiona. Ukungu wa Kericho ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mistari ya chai, na mbele yangu hapakuwa na kitu ila weupe, barabara ya changarawe iliyolowa, na sauti za watoto wakikariri jedwali la kuzidisha mahali fulani ndani ya ule weupe. Nilisimama nikawasikiliza. Nilihisi kama nimeingia katika ndoto ya mtu mwingine na ninaogopa kumwamsha. Kisha kengele ikagongwa, paa la mabati likajitokeza, na mzee mmoja mwenye koti la mvua akaniuliza kama mimi ndiye mwalimu mpya au nimepotea njia ya kiwandani.

Huyo ndiye alikuwa mwalimu mkuu wangu wa kwanza. Kiwandani nilipajua vizuri, maana baba yangu alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana kufanya kazi ya kukausha majani, na mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba. Lakini kuzaliwa mahali si kuyajua masikio ya mahali. Asubuhi hiyo msichana mdogo wa darasa la tatu alisimama akaniambia, "Matam, tata yangu amepanda kari ya majani." Nilidhani tata ni babu au nyanya. Darasa zima likanicheka mimi, si yeye. Alikuwa ananieleza kwamba dada yake amepanda gari la kubeba majani chai, ndiyo maana amechelewa.

Mwalimu mkuu aliposikia kisa hicho hakucheka. "Hawa watoto wakitoka kwa Kikipsigis kuingia Kiswahili, d inakuwa t, g inakuwa k, saa ingine inarudi nyuma," aliniambia. "Wewe usiwe na haraka ya kusahihisha. Sikia kwanza. Kusahihisha haiendi mahali."

Miaka hiyo kazi yetu ilipimwa kwa karatasi. Kulikuwa na azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima wa utafundisha nini wiki gani, na kulikuwa na andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja tu. Mkaguzi akija, alianza na hayo. Mimi nilikuwa hodari wa kuyaandika, na siwafichi ninyi vijana mnaoingia kazini leo mkilalamika kuhusu karatasi: niliyapenda. Lakini jioni, watoto wakienda na ukungu ukirudi kuketi penye uwanja, nilichokumbuka hakikuwa andalio. Nilikumbuka nani alinyamaza siku nzima.

Kutoka hapo nilihamishiwa shule ya bweni ya wasichana karibu na Kaplong. Mwalimu mkuu alikuwa mama mrefu, mkali, ambaye hakuwahi kuonekana akitembea haraka. Siku ya kwanza alinifungulia chumba kilichokuwa stoo ya majembe, akaniambia, "Kila mwalimu ana kamati. Wewe huna. Basi wewe ni ushauri nasaha."

"Sijasomea," nikasema.

"Hata mimi sikusomea kuwa mkali. Utajifunza."

Nilijifunza kweli, likizo baada ya likizo, katika masomo ya jioni na ya wikendi, nikiacha watoto wangu kwa mama. Nitawatajia mawili tu kati ya niliyofundishwa, maana ndiyo yaliyonibeba maisha yote. La kwanza ni usiri: anachokuambia mwanafunzi ni mali yake, na hukigawi bila ruhusa yake, hata kwa mkubwa wako, isipokuwa maisha yake yako hatarini. La pili tuliliita kuakisi. Ni kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe, polepole, kabla hujamwambia lolote lako. Akisema "nimechoka", unasema "umechoka", kisha unangoja. Linaonekana jambo la kipuuzi. Mume wangu nilimjaribia jikoni akaniuliza kama ninamdhihaki.

Chumba chenyewe hakikunisaidia. Msichana akionekana akiingia stoo ya majembe, kufikia chakula cha mchana shule nzima ilikuwa imekubaliana kwamba ni mjamzito au ana kichaa. Hakuna aliyekuja. Wiki ziliyeyuka nikiwa peke yangu na harufu ya kutu. Ndipo nikaona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu tangu utotoni. Shule ilikuwa na kijishamba cha chai, na wasichana walichuma kwa zamu. Watu wawili wakichuma, kila mmoja yuko upande wake wa mstari. Kati yao kuna meza, ndivyo wachumaji wanavyouita ule usawa wa juu wa michai iliyokatwa vizuri. Mikono ina kazi yake, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na macho yako kwenye mikono. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mdomo unabaki huru.

Nikavaa gamba la plastiki kiunoni, lile la kuzuia umande, nikaomba zamu. Tangu siku hiyo ofisi yangu ilikuwa huko. Walinisimulia yote katika ule ukijani usio na mwisho, wakati mwingine ukungu ukiwa mzito hata nisimwone anayesema, nikisikia tu majani yakikatika, tap, tap, na sauti ikitoka humo. Nilikuwa na furaha kubwa miaka ile. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu watu hudhani kazi ya kusikiliza matatizo inamfanya mtu awe na huzuni.

Baadaye nilipandishwa cheo, nikapelekwa ofisini Kericho mjini kuwafunza walimu washauri. Ilikuwa kazi nzuri. Nilizunguka shule nyingi, niliheshimiwa, nilikuwa na meza yenye kioo juu. Lakini kidogo kidogo nikaanza kusahau. Ningekaa kwenye mkutano nikisikia maneno kama mikakati na malengo, halafu naona dirishani mvua ya mawe ya saa za alasiri ikipiga chai upande wa pili wa bonde, na akili yangu inatoka inakwenda huko. Nikamwandikia mkurugenzi kuomba kurudi shuleni. Aliniita.

"Watu wananisumbua wakitaka kuingia ofisi, na wewe unataka kutoka?"

"Nimeanza kusahau sauti za watoto, bwana mkurugenzi."

Alinitazama sana. "Utaenda Boito," akasema. "Huko kuna baridi. Usije ukanililia."

Hivyo ndivyo nilivyofika shule yangu ya mwisho, ya kutwa, iliyoketi mgongoni mwa kilima huko Konoin, na chai imeizunguka pande zote. Mwalimu mkuu alikuwa bwana mpole mwenye kupenda amani. Naibu wake ndiye aliyeshika nidhamu. Huyu naibu alikuwa Mkipsigis wa hapohapo, kijana bado, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka lilikuwa na makali, na aliwapenda wanafunzi kwa namna askari anavyolipenda lango lake. Tulipatana, ingawa aliniona mlegevu na mimi nilimwona ana haraka.

Siku moja alinijia uso umekunjamana. Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, Chepng'eno, ambaye mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alikuwa mwerevu lakini sasa alisinzia darasani, macho mekundu. Naibu alikuwa amemwita ofisini kumuuliza kuhusu mambo ya nyumbani.

"Madam, ni mbaya," naibu akaniambia. "Nimemuuliza, jioni ukifika nyumbani, baba anakufanyia nini? Akasema, ananipikanga. Nikauliza, kila siku? Akasema kila siku. Halafu akashika mdomo na mkono hivi, akaanza kulia. Hakutaka kuongea tena."

Ananipiganga, yaani hunipiga. Kila siku. Jambo kama hilo halichukuliwi kwa mzaha, na naibu hakulichukua hivyo. Kufikia kesho yake baba aliitwa. Alikuwa anaitwa arap Chumo, mkulima wa chai na ng'ombe wachache, mtu mkubwa mwenye mikono mizito na kofia aliyoishika magotini muda wote. Tuliketi wanne ofisini: mwalimu mkuu, naibu, mimi na yeye. Naibu akamsomea mashtaka. Kwamba mtoto mwenyewe amesema anachofanyiwa nyumbani kila jioni, kwamba anapigwa. Je, ni kweli au si kweli?

Arap Chumo alitazama sakafu. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga. Uso wake ulibadilika mara kadhaa. Mwishoni akasema, kwa sauti ya chini, "Kama mtoto amesema, amesema. Andikeni vile mnaona."

Mwalimu mkuu alihuzunika. Aliamua kwa upole, lakini aliamua: Ijumaa shangazi wa mtoto angekuja kutoka Siongiroi kumchukua akaishi kwake, na mambo mengine yangefuata kwa chifu. Siongiroi ni mbali na Boito. Sote tulijua maana yake. Shangazi alikuwa na biashara ya mifugo sokoni na watoto wadogo wengi, na msichana mwenye nguvu anayepelekwa katika nyumba kama hiyo katikati ya muhula mara nyingi harudi shule tena, huishia kazi za nyumbani. Baba alisimama, akavaa kofia, akaondoka bila kumtazama mtu.

Siku hiyo hiyo alasiri nilimwomba Chepng'eno tukachume. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, ule mwembamba, unaopita katikati ya michai kama maziwa yaliyomwagika. Tulichuma kimya mpaka mwisho wa mstari, tukageuka. Alichuma vizuri kuliko mimi. Nilianza nilivyofundishwa.

"Ulimwambia naibu kwamba baba anakupiga kila jioni."

Mikono yake ikasimama. "Nini?"

"Baba anakupiga."

"Nani amesema?" Alinitazama usoni, jambo lisilofanyika kwenye mstari. "Madam, baba hajawahi kunigusa hata na kidole. Mimi nilisema ananipikanga. Ananipikia! Ukali. Mboka."

Nilibaki na majani mkononi. Ugali. Mboga. Ile k niliyoisikia miaka yote kwenye vinywa vya watoto, ilikuwa k kweli safari hii, na haikumaanisha g hata kidogo. Naye naibu, aliyezaliwa na kulelewa na ulimi huohuo, aliyeweza kuitofautisha k na g hata usingizini, hakuikosea sauti. Alisikia maneno mawili, mwanaume anapika na mwanaume anapiga, na akachukua lile aliloweza kuamini. Kwa maana lazima niwaeleze wasiopajua kwetu: kwa wazee wa Kipsigis, jikoni ni pa wanawake. Mwanaume aliyetahiriwa hasongi ugali. Hata akiwa na njaa, anangoja. Ana dada, ana shemeji, ana mke wa jirani, na kama hana hao ataoa.

"Tangu mama aende amekataa kuoa," Chepng'eno akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Alisema mimi nikipika na kukamua na kuteka maji sitasoma. Anafunga mlango ya jikoni akipika, jirani asione. Mimi nasoma mpaka usiku sana, kwa sababu nikilala mapema naona ni kama namdharau. Aliniambia nisiseme kwa mtu. Na mimi nikasema! Ikatoka tu."

"Nikimwambia mwalimu mkuu, hutaenda Siongiroi."

"Usiseme." Akashika mchai kwa mikono miwili. "Tafadhali, Madam. Rika lake watamcheka mpaka azikwe. Afadhali niende Siongiroi."

Basi nikawa nimefungwa. Maisha yake hayakuwa hatarini, na siri ilikuwa yake, na zaidi ya yake ilikuwa ya baba yake. Mtu yule alikuwa amekaa mbele yetu akikubali kuitwa mpigaji wa mtoto, anyang'anywe mtoto, kuliko kutamka neno moja dogo. Nilikasirika sana. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia ile kofia aliyoishika, kisha hasira ikaniisha nikabaki nikimpenda, kama unavyoweza kumpenda mtu usiyemjua.

Kuna kitu katika kazi yetu kinaitwa ziara ya nyumbani. Mshauri anaruhusiwa kumtembelea mwanafunzi kwao, aone mazingira. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, na nikaomba naibu anisindikize. Kisha nikamwambia Chepng'eno, "Sitasema. Lakini mpelekee baba salamu. Mwambie kesho jua likielekea kuzama, mimi na naibu tutakuja kwake kama wageni, na tutakuwa na njaa." Aliniangalia, akaelewa, akaogopa. Sikumwambia zaidi. Baba angeweza kutuandalia yeye mwenyewe, au kumwita shangazi, au jirani, au kufunga lango. Nilimwachia baba achague.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliwaza kwamba labda nimefanya werevu usio na maana.

Tulishuka na naibu kwenye njia nyembamba inayokata chai. Jua lilikuwa limepata upenyo chini ya mawingu na kila jani lilikuwa na maji na mwanga, hata naibu alitembea taratibu. Arap Chumo alitupokea langoni, akatuita ndani, tukasalimiana kwa Kikipsigis kwa urefu unaostahili. Chepng'eno alikuwa mezani na kitabu chake, hageuzi ukurasa. Nje, jiko lilitoa moshi. Hapakuwa na mwanamke mwingine pale. Arap Chumo akasimama katikati ya nyumba yake kwa muda, kama mtu aliyesahau alichotaka, kisha akatoka.

Naibu akaninong'oneza, "Nani anapika? Ameweka mfanyakazi?"

Tulisikia mwiko ukigonga sufuria.

Aliingia kwa kuinama, kwa ajili ya mlango na pengine kwa ajili ya jambo lenyewe, na mikononi alikuwa na sinia la ugali, mboga ya isagek iliyolainishwa kwa maziwa, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Mkono wa shati ulikuwa na unga. Akaweka mezani. Akabaki amesimama.

"Naibu," akasema, "mliuliza nafanyia huyu mtoto nini kila jioni. Ni hii."

Naibu alitazama ugali, akamtazama msichana, akautazama ule unga kwenye shati. Niliona neno likibadilika kichwani mwake, herufi moja tu. Akafunika macho kwa kiganja.

"Mbona hukusema siku ile?" akauliza hatimaye. "Mzee, tungekunyang'anya mtoto."

"Ningesema nini? Mwanaume akisikika anapiga mtoto, wenzake wananyamaza, wanasema ni mambo yake. Akisikika anapika, amepewa jina la kuchekwa." Akaketi kwa uzito. "Nilifikiria usiku mzima. Nikaona jina nzuri haiwezi kusomesha huyu. Kuleni, itapoa."

Tulikula. Ugali ulikuwa mgumu kidogo kwa upande wangu, sisi wa ziwa tunajua ugali, lakini nilikula mpaka nikaona aibu. Naibu alikula akimaliza kila kitu kilichosukumwa mbele yake. Chepng'eno alianza kucheka bila sababu, akashindwa kuacha.

Kurudi, tulipanda na naibu mpaka barabarani. Mke wake alifundisha mbali, alikuja mwisho wa mwezi. Sote tulijua anakunywa chai na mkate usiku. Akasimama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Madam. Hiyo unga," akasema. "Inaingia kabla maji ichemke, ama baadaye?"

Nilimweleza. Nilijizuia kucheka mpaka nilipofika nyumbani.

Shangazi alikuja Ijumaa kama alivyoitwa, akaambiwa hakuna safari, akala, akarudi Siongiroi akisema walimu wa Boito hawana kazi. Chepng'eno alibaki kwa baba yake akamaliza shule.

Mimi nilistaafu mwaka aliomaliza yeye. Sasa asubuhi naamka hakuna kengele, naketi mlangoni na kikombe, na ukungu unakuja unachukua mchai mmoja mmoja mpaka nabaki na sauti tu. Vijana huniuliza nilichagua vipi njia yangu, mwalimu, mshauri, mkufunzi, kisha mwalimu tena. Sikuchagua sana. Nilifuata mahali niliposikia vizuri zaidi. Mkipewa stoo ya majembe, ipokeeni, halafu tokeni nje mkaone watu wanazungumzia wapi.

Siku ya kuniaga, watu walikuja wengi kuliko tulivyopanga, wazazi na wazee wa kijiji, na mchana mpishi wa shule alituma habari kwamba ugali umeisha na mikono imechoka. Arap Chumo alikuwa ameketi kwenye benchi la wazee wa rika lake, kofia kichwani. Nilimwona akisikiliza. Kisha akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye benchi mahali alipokuwa ameketi, akaelekea jikoni mbele ya macho yao wote. Naibu aliinuka akamfuata, akikunja mikono ya shati lake la pasi.

Wenzake wakainua vichwa. Ndipo mzee mmoja wa rika lake, mwenye fimbo, akageuka kuutazama mlango wa jikoni, akapaza sauti.

"Chumo! Harakisha. Mimi natoka mbali, niko na njaa."